Kisangani: Mbwa anachomwa sindano kabla damu yake haijatazamwa

Katika lupango moja ya Mangobo, au ya Kabondo, au ya Lubunga ng'ambo ya mto, mambo huanza hivi. Mbwa ambaye jana alikuwa akibwekea kila toleka inayopita, leo amelala chini ya mwembe. Hali, hainuki. Fizi zake zimekuwa nyeupe na mwili una joto. Watoto wanamsogezea maji, anageuza kichwa. Jirani wa kwanza anasema ni minyoo. Wa pili anasema amekula sumu ya panya. Wa tatu, aliyewahi kuchunga ng'ombe huko alikotoka, anasema: "Mchomeni Berenil." Jioni kijana anatumwa sokoni, anarudi na pakiti ndogo ya unga wa njano na bomba la sindano.

Sindano inapigwa. Mara nyingine mbwa anasimama siku ya tatu, na jina la dawa linasifiwa hadi mwisho wa barabara. Mara nyingine anaanza kuyumba, anatetemeka, anakufa usiku. Hakuna anayejua kama ameuawa na ugonjwa au na dawa. Asubuhi anazikwa nyuma ya nyumba, na baada ya mwezi analetwa mbwa mwingine ambaye naye atatibiwa hivyo hivyo.

Kosa hapa si la mwenye mbwa peke yake, wala la muuza dawa peke yake. Kosa liko katika utaratibu: sindano inatangulia na swali linafuata nyuma, au halifuati kabisa. Tone moja la damu lingetakiwa kutazamwa kwanza. Na hilo si jambo la kungojea wafadhili wajenge jumba jipya, maana sehemu kubwa ya vitu vinavyohitajika Kisangani inavyo tayari.

Dalili moja, magonjwa manne

Homa, fizi nyeupe, kukonda na kukataa chakula ni dalili ambazo katika ukanda huu wa msitu zinaweza kutoka kwa magonjwa manne tofauti, na kila moja lina dawa yake.

La kwanza ni tripanosoma, vimelea vinavyoletwa na mbung'o. Ni ndugu wa vile vinavyompa mtu malale, ule ugonjwa wa usingizi. Mbwa mwenye tripanosoma huvimba tezi, hupungukiwa damu, na mara nyingine jicho lake hufunikwa na ukungu wa buluu. La pili ni babesia, linaloletwa na kupe. Kimelea hiki huingia ndani ya chembe nyekundu za damu na kuzipasua, ndiyo maana mkojo wa mbwa huweza kuwa mwekundu au wa rangi ya kahawa. La tatu ni erlikia, nalo huletwa na kupe, lakini hushambulia chembe nyeupe, na mbwa huweza kutokwa damu puani. La nne ni minyoo ya safura inayonyonya damu tumboni, hasa kwa watoto wa mbwa.

Dawa iliyomo katika ile pakiti ya njano inaitwa diminazeni. Inasaidia kwa babesia na kwa aina kadhaa za tripanosoma. Kwa erlikia haifanyi kitu. Huko inahitajika doksisiklini, kidonge cha kila siku kwa muda wa wiki nne hivi. Kwa minyoo pia haifanyi kitu. Anayechoma diminazeni bila kutazama damu anacheza bahati nasibu, na tiketi ni maisha ya mnyama.

Lipo jambo lingine ambalo wengi hawaambiwi. Hata kama ugonjwa ni tripanosoma kweli, aina moja, ile ya kundi la brucei, hupenda kujificha ndani ya ubongo na ndani ya jicho, na diminazeni haifiki vizuri ndani ya ubongo. Mbwa anapata nafuu, anakula, anakimbia, kisha baada ya wiki chache anaanguka tena. Hapo watu husema dawa ni ya uongo, au jirani ameroga. Si uongo na si uchawi. Damu haikutazamwa mwanzoni na haikutazamwa tena baada ya sindano.

Pakiti ya ng'ombe kwa mbwa wa kilo 12

Hesabu ya pakiti yenyewe inatisha. Pakiti ndogo ya kawaida ya diminazeni ina gramu 2.36 za unga, na ndani yake dawa halisi ni gramu 1.05. Kipimo hicho kimetengenezwa kwa mnyama wa kilo 300, yaani ng'ombe mkubwa. Unga huyeyushwa katika mililita 12 na nusu za maji.

Mbwa wa kienyeji wa Kisangani, mwenye masikio yaliyosimama na miguu myembamba, ana uzito wa kilo 10, 12, labda 15. Kwa mbwa wa kilo 12, pakiti hiyo moja ni ya wanyama 25 kama yeye. Sehemu yake ni nusu mililita tu. Anayevuta mililita mbili "ili ipate nguvu" amempa mara nne ya kipimo. Na kati ya wanyama wanaofugwa, mbwa ni miongoni mwa wale wasioivumilia dawa hii inapozidi. Hudhuru ubongo: mnyama anayumba, anapata degedege, anakufa. Wengi wa mbwa wanaosemekana "walichelewa kutibiwa" huenda waliharakishwa.

Tena dawa inayopigwa ovyo, leo nyingi mno na kesho kidogo mno, inawafundisha vimelea kuishi nayo. Vimelea vya tripanosoma visivyosikia diminazeni vimeshaonekana katika nchi kadhaa za Afrika. Siku vikienea, hasara haitakuwa ya mbwa peke yao. Itakuwa ya mbuzi, ya nguruwe na ya ng'ombe, na ya mama aliyekuwa anategemea mbuzi wawili kulipa ada ya shule ya sekondari mwezi wa tisa.

Tone moja linasema nini

Kutazama damu ya mbwa si jambo la ajabu la Ulaya. Mtu anashika sikio, anasafisha ukingo wake, anachoma kidogo kwa sindano safi, tone linatoka. Linawekwa juu ya kioo kidogo. Likifunikwa hivyo hivyo, bichi, na kutazamwa kwa mikroskopi papo hapo, tripanosoma zinaonekana zikijipinda na kuzisukuma chembe nyekundu huku na huku kama samaki aliyenaswa katika mtego wa Wagenia.

Tone la pili linapakwa likawa jembamba juu ya kioo kingine, linaachwa likauke, linagandishwa kwa methanoli, kisha linatiwa rangi ya Giemsa kwa muda wa nusu saa hivi. Hapo babesia inaonekana ndani ya chembe nyekundu, mara nyingi miwili miwili, kama matone ya machozi yaliyounganishwa ncha. Tone la tatu linavutwa ndani ya mrija mwembamba wa kioo na kuzungushwa kwa kasi kubwa kwa dakika tano. Chembe nyekundu zinazama chini na urefu wake unapimwa. Kwa mbwa mzima zinajaza kati ya asilimia 37 na 55 ya mrija. Zikiwa asilimia 15, hapo hata mtu asiyesoma udaktari anaelewa kwa nini mbwa hawezi kusimama.

Kila mtu wa labo katika mji huu anazijua kazi hizi. Kila siku, katika vituo vya afya vya Makiso, Tshopo, Mangobo na kwingineko, damu ya watu inapakwa juu ya vioo kutafuta malaria. Kongo ni ya pili duniani kwa wingi wa wagonjwa wa malaria, baada ya Nigeria. Rangi ni ile ile ya Giemsa na mikroskopi ni ile ile. Linalobadilika ni kile ambacho jicho limefundishwa kukitafuta.

Haifai hata hivyo kukidanganyia watu kipimo hiki. Vimelea vya tripanosoma hupanda na kushuka katika damu. Leo vipo wengi, keshokutwa havionekani. Kioo kisicho na kitu si cheti cha uzima. Lazima kurudia. Erlikia ni ngumu kuikuta kwa mikroskopi, na vipande vya kupimia haraka vinavyoitambua vina bei ambayo si ya kila familia. Lakini mtu aliyetazama mara moja na hakuona kitu bado anajua zaidi ya yule ambaye hakutazama kabisa. Angalau anajua kama damu imepungua na kwa kiasi gani, na kama kuna haraka au kuna muda wa kufikiri.

Mji unaojua damu tangu zamani

Anayesema Kisangani haina historia ya mambo haya hajaifahamu vizuri Kisangani. Mwaka 1901, nchini Gambia, daktari Mwingereza Joseph Everett Dutton aliitambua tripanosoma katika damu ya mtu. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1904, Dutton huyo na mwenzake John Todd walikuwa hapa, Stanley Falls, wakichunguza damu za wagonjwa wa homa ya papasi. Wote wawili waliugua homa hiyo hiyo waliyokuwa wakiichunguza. Todd alipona. Dutton alifia Kasongo mwezi wa pili mwaka 1905, akiwa na miaka 30. Mwaka ule ule wa 1904, huko Léopoldville, Broden alikieleza kimelea kinachoua mifugo ambacho hadi leo kinabeba jina la nchi hii: Trypanosoma congolense.

Kisha ilikuja miaka ya 1950. Mji ukiitwa Stanleyville, ulikuwa na labo kubwa ya utabibu, na karibu na mto Lindi palikuwa na kambi ya sokwe, mamia yao, waliokamatwa msituni kwa ajili ya utafiti wa chanjo ya polio ya Hilary Koprowski. Damu ya wanyama ilipimwa hapa wakati ambapo miji mingi ya Afrika haikuwa na hata kioo kimoja. Lakini hakuna sokwe aliyepimwa ili apone, na mwenyeji wa mji hakupewa njia ya kumpeleka mbuzi wake.

Kambi hiyo baadaye ilizaa uvumi uliozunguka dunia nzima kwamba ukimwi ulitoka pale. Uvumi huo haukuzimwa kwa kelele wala kwa hasira. Mwaka 2004 watafiti walichapisha matokeo ya sampuli za kinyesi zilizookotwa katika msitu unaozunguka Kisangani. Sokwe wa hapa walikutwa na virusi vya ukoo mwingine, tofauti na ule ulioleta ukimwi duniani. Kipimo ndicho kilichojibu. Mji ulioumizwa na uvumi wa aina hiyo ungepaswa kuwa wa kwanza kudai kipimo mahali pa kubahatisha.

Mbwa wa msitu huu hupimwa ng'ambo

Watu wengi wa Tshopo hawajui kwamba mbwa wao ana jamaa matajiri. Mbwa wa wawindaji wa misitu ya Kongo, yule asiyebweka sana, anayefungwa kengele ya mti shingoni ili mwindaji amfuate, alipelekwa Uingereza na mwaka 1937 akaonyeshwa London kwa jina la Basenji. Kutoka huko akaenea hadi Marekani.

Wazazi wa ukoo huo wa ng'ambo walikuwa wachache mno, ndugu wakazaa na ndugu, na ugonjwa wa kurithi wa kupungukiwa damu ukajitokeza. Wafugaji hawakuanza kuchoma sindano ovyo. Katika miaka ya 1970 walianza kuwapima mbwa damu mmoja mmoja ili kujua nani anabeba ugonjwa bila kuugua, na hao hawakuzalishwa tena. Kisha, mwaka 1987 na 1988, Wamarekani walikuja kaskazini mwa Zaire, katika nchi ya Wazande, kutafuta damu mpya kwa ajili ya ukoo wao uliodhoofika.

Kwa hiyo mjukuu wa mbwa wa Uele akiwa Chicago ana karatasi yenye idadi ya chembe zake za damu. Binamu yake aliyebaki kulinda duka Kisangani anapimwa kwa kutazamwa fizi. Mbwa wa hapa hahitaji maisha ya kifalme ya wale wa ng'ambo. Lakini inaonyesha wazi kwamba kikwazo hakiko katika damu ya mbwa, wala katika ugumu wa kipimo.

"Watoto kwanza"

Pingamizi kubwa linajulikana, na lina uzito wake. Mama aliyelala na mtoto hospitalini, ambaye ameambiwa anunue glovu na sindano mwenyewe, akisikia mtu anazungumzia kupima damu ya mbwa atakasirika. Ana haki. Watoto kwanza, na hakuna anayebishana.

Lakini kuna mambo matatu ya kujibu. La kwanza, fedha inayozungumzwa hapa imeshatumika. Aliyenunua pakiti, bomba la sindano, na siku mbili baadaye vidonge vya kubahatisha, ametoa franka zake tayari. Swali ni kama alinunua kitu au alinunua matumaini. Kioo na matone machache ya rangi havigharimu zaidi ya sindano tatu za bure.

La pili, mbwa wa Kisangani si pambo. Ndiye mlinzi wa lupango usiku umeme ukikatika. Kwa mwindaji wa barabara ya Buta au ya Ituri, ndiye mshirika wa kazi. Na yanayosemwa kuhusu mbwa yanamhusu mbuzi na nguruwe wa lupango hiyo hiyo. Nguruwe wakianza kufa ghafla, inaweza kuwa homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo haina dawa, na hapo kila sindano ni hasara juu ya hasara. Damu iliyopimwa mapema ingemwambia mfugaji atenge, asiuze, asihamishe. Leo kinachofanyika ni kinyume: anawakimbiza sokoni waliobaki kabla hawajafa, na ugonjwa unapanda baiskeli hadi komini inayofuata.

La tatu ndilo kubwa kuliko yote.

Tone la mbwa na afya ya mtu

Malale bado haijaisha nchini. Kongo ndiyo yenye wagonjwa wengi zaidi duniani. Mwaka 1998 peke yake, zaidi ya watu 26,000 walitambuliwa. Kazi kubwa imefanyika tangu hapo: timu zinazotembea kijiji kwa kijiji, kipimo cha kadi kilichobuniwa mwaka 1978 ambacho kwa tone la damu ya kidole kinamtambua mtu wa kushukiwa, kisha dawa ya vidonge ya feksinidazoli iliyoidhinishwa mwaka 2018. Sasa dunia nzima huripoti wagonjwa chini ya 1,000 kwa mwaka, na Shirika la Afya Duniani linataka maambukizi ya aina hii ya malale yakomeshwe ifikapo 2030. Isangi, safari ya mtumbwi kutoka hapa, inaifahamu vizuri vita hiyo.

Sasa ugonjwa unapokaribia kwisha kwa watu, swali linalobaki ni hili: umejificha wapi? Watafiti katika Afrika ya Kati wamekuta vimelea vya malale ya watu ndani ya nguruwe, mbuzi, kondoo na mbwa. Bado wanajadiliana kama wanyama hao wanaweza kuurudisha ugonjwa kwa watu. Mikroskopi peke yake haiwezi kutofautisha tripanosoma ya brucei inayoua mbwa tu na ile inayompata mtu, kwa kuwa zinafanana kama mapacha. Hapo kinahitajika kipimo cha vinasaba. Lakini mikroskopi inaweza kupiga kengele. Mbwa watatu wa kijiji kimoja wakikutwa na tripanosoma, ni taarifa kwamba mbung'o wanauma hapo, na timu ya malale ina sababu ya kupita. Tone la damu likikaushwa juu ya karatasi ya kuchujia, linasafiri hadi Kinshasa bila friji. Leo taarifa hiyo inazikwa pamoja na mbwa.

Gabon ilitoa somo lingine. Baada ya Ebola ya mwaka 2001 na 2002, watafiti walipima damu ya mbwa zaidi ya 400. Katika vijiji vilivyoguswa na ugonjwa, karibu theluthi moja ya mbwa walikuwa na alama mwilini kwamba walikutana na virusi, ingawa hawakuonekana kuugua. Walikuwa wamekula mizoga na mabaki. Bila kupima damu, nani angejua? Tshopo inapakana na Bas-Uele, ambako Ebola ilizuka Likati mwaka 2017, na hapa kwenyewe mpoksi haijaondoka. Mbwa anaingia msituni na kurudi kulala karibu na watoto. Damu yake ni barua kutoka msituni, na haifunguliwi.

Kisichoonekana kwenye damu

Ni lazima kutoa onyo moja, maana kosa hapa linaua. Kichaa cha mbwa hakitambuliwi kwa kipimo cha damu cha mbwa aliye hai. Huthibitishwa kwa kuchunguza ubongo baada ya mnyama kufa. Kwa hiyo mbwa aliyebadilika tabia, anayetoa mate, anayeuma bila sababu, asishikwe sikio na kutolewa damu na mtu yeyote. Atengwe, na munganga wa wanyama aitwe. Aliyeumwa aoshe kidonda kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku ile ile kutafuta chanjo. Dunia inapoteza watu wapatao 59,000 kila mwaka kwa ugonjwa huu, karibu wote kwa sababu ya mbwa, na ugonjwa ukishaanza kujionyesha ni vigumu mno mtu kupona. Kwa hilo, dawa ni kumchanja mbwa mapema.

Nini kifanyike

Mwenye mbwa au mbuzi anaweza kuanza bila kungojea serikali. Kabla ya sindano yoyote, aulize neno moja: "Damu imetazamwa?" Ajue uzito wa mnyama wake: ampakate, apande mizani, kisha apande peke yake na atoe tofauti. Na ampeleke mnyama mapema, siku ya kwanza ya homa, si siku ya tano.

Wenye labo, za binafsi na za umma, wanaweza kutenga saa za mchana ambapo kazi ya watu imepungua. Ila pawe na utaratibu: meza yake, vioo vyake, glovu zake, daftari lake, na bei ibandikwe ukutani. Damu ya mnyama isichanganywe na ya mtu hata siku moja. Lakini kusoma kioo ni kusoma kioo.

Waganga wa wanyama wa jimbo, pamoja na vyuo, wana kazi ya kufundisha macho. Kisangani ina chuo kikuu chenye kituo cha uangalizi wa bayoanuwai, ambako wanyama wa msitu, panya na popo wakiwemo, wanachunguzwa. Ina IFA-Yangambi inayofundisha mambo ya kilimo na mifugo. Mwanafunzi aliyemaliza na kuzurura bila kazi, akipewa wiki mbili mbele ya mikroskopi pamoja na vioo vyenye tripanosoma na babesia, anaweza kurudi katika komini yake na ujuzi unaomlisha. Na yale madaftari yasilale kabatini. Kila mwezi nakala moja iende kwa ukaguzi wa mifugo, nyingine kwa zoni ya afya.

Wauza dawa nao wasikwepe. Asiyejua uzito wa mnyama asiuziwe pakiti ya kilo 300. Anayeuza anaweza angalau kuandika kwa kalamu, juu ya pakiti, kipimo cha mbwa, na kumwambia mteja ukweli kwamba dawa hii si ya kila homa.

Hayo yote hayahitaji msaada kutoka Brussels wala ndege kutoka Kinshasa. Yanahitaji kubadilisha mpangilio wa mambo mawili tu: kutazama kwanza, kuchoma baadaye. Mpaka hapo, yule mbwa chini ya mwembe ataendelea kutibiwa na majirani watatu, kila mmoja na ugonjwa wake, na kijana ataendelea kutumwa sokoni jioni na pesa ya mboga mkononi.